SURA YA KUMI NA MOJA: NUKTA NA MIPAKA KATIKA RAMANI

Utangulizi

Umekwisha kujifunza kwamba ramani ni mchoro wa nchi kama ionekanavyo kutoka juu. Katika ramani, vitu vidogo kama kisima, nyumba au shule huonyeshwa kwa nukta. Maeneo makubwa, kama kijiji, kata au wilaya, huonyeshwa kwa mipaka. Mpaka huchorwa kwa mistari iliyonyoka, ambayo huungana mpaka mstari wa mwisho ukutane na wa kwanza. Umbo lililofungwa hivyo huitwa poligoni. Pembetatu ni poligoni. Mraba ni poligoni. Ramani ya wilaya yenye kona mia tano nayo ni poligoni.

Katika sura hii tutajibu swali moja: tukipewa nukta na mipaka, tutajuaje nukta hiyo imo ndani ya eneo lipi? Swali hili laonekana kuwa jepesi. Ukiwa na nukta moja na mraba mmoja, macho yatosha. Lakini kama una nukta elfu kumi na maeneo mia mbili, macho yatachoka na makosa yatakuwa mengi. Hapo twahitaji kanuni. Kwanza tuone kwa nini swali hili ni muhimu kwa maisha ya watu.

Kipindupindu katika London, mwaka 1854

Mwishoni mwa mwezi wa Agosti, mwaka 1854, ugonjwa wa kipindupindu ulizuka katika mitaa ya Soho, mjini London, Uingereza. Watu waliharisha na kutapika, wakaishiwa maji mwilini, na wengi walikufa kabla ya siku kwisha. Katika muda wa siku 10, watu zaidi ya 500 walikufa katika eneo dogo ambalo mtu aweza kulivuka kwa miguu kwa dakika chache.

Wakati huo haikujulikana bado kwamba kipindupindu huletwa na bakteria. Waganga wengi waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa yenye harufu mbaya. Daktari mmoja, John Snow, aliyezaliwa katika mji wa York mwaka 1813, hakukubali. Yeye alidhani kwamba sumu ya ugonjwa huingia mwilini kwa maji ya kunywa.

Siku hizo wakazi wa Soho waliteka maji katika pampu za mkono zilizokuwa barabarani. Moja ya pampu hizo ilikuwa katika barabara ya Broad Street. Snow alichukua orodha ya watu 83 waliokufa, akaenda nyumba kwa nyumba. Kwa kila nyumba alijiuliza: nyumba hii iko karibu zaidi na pampu ipi? Aliona kwamba watu 73 waliishi karibu zaidi na pampu ya Broad Street kuliko pampu nyingine yo yote. Watu 10 tu waliishi karibu zaidi na pampu nyingine.

Jioni ya tarehe 7 Septemba Snow aliwaeleza wakuu wa mtaa habari hizo. Kesho yake, tarehe 8 Septemba, mpini wa pampu ile uliondolewa, hata watu wasiweze kuteka maji yake. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umekwisha anza kupungua, kwa sababu watu wengi walikuwa wamehama. Hata hivyo chanzo kilikuwa kimefungwa.

Baadaye Snow alichora ramani. Kila kifo alikitia alama mahali pa nyumba ya marehemu. Katika ramani aliyoitoa mwaka 1855 alichora pia mstari uliozunguka pampu ya Broad Street. Mtu aliyesimama juu ya mstari huo alikuwa na mwendo sawa kwenda Broad Street au kwenda pampu nyingine iliyo karibu. Ndani ya mstari, Broad Street ilikuwa karibu zaidi. Nje ya mstari, pampu nyingine ilikuwa karibu zaidi. Kwa hiyo kazi ya Snow ilikuwa kutafuta kama nukta imo ndani au nje ya mpaka.

Jaribio la 1: Kuchora mpaka kati ya visima

Vifaa: karatasi nyepesi, penseli, rula.

Njia:

1. Weka nukta mbili katika karatasi, umbali wa sentimita 12. Ziite A na B. Hivyo ndivyo visima vyako.

2. Inua karatasi kwenye mwanga. Ikunje ili nukta A ilale sawasawa juu ya nukta B. Bana mkunjo kwa kidole.

3. Fungua karatasi. Chora mstari juu ya alama ya mkunjo.

4. Chagua mahali po pote juu ya mstari huo. Pima umbali wake hadi A, kisha hadi B.

5. Weka nukta tano za nyumba upande wa A. Pima umbali wa kila nyumba hadi A na hadi B.

Umeona nini? Kila mahali juu ya mkunjo pana umbali sawa hadi visima vyote viwili. Kila nyumba iliyo upande wa A iko karibu zaidi na kisima A. Mkunjo ni mpaka.

Sasa chukua karatasi nyingine na uweke visima vitatu, A, B na C, vinavyofanya pembetatu yenye pande zinazokaribia kulingana. Kunja A juu ya B, kisha B juu ya C, kisha A juu ya C. Mikunjo mitatu itakutana mahali pamoja. Futa sehemu ya kila mstari inayoingia katika eneo la kisima cha tatu. Utabaki na maeneo matatu, kila moja na kisima chake.

Kumbuka kwamba rula hupima mstari ulionyoka. Snow alipima mwendo wa miguu kwa kufuata mitaa, kwa kuwa mchota maji hawezi kupita katikati ya nyumba za watu na ndoo yake.

Kanuni ya kuhesabu mikato

Sasa tuna nukta na tuna mipaka. Hebu fikiri uko gizani, karibu na boma lenye ukuta unaopinda-pinda. Hujui kama uko ndani au nje. Tembea kwa mstari ulionyoka kwenda mbali sana, na kila uvukapo ukuta, hesabu. Kila uvukapo ukuta mara moja, hali yako hubadilika: kama ulikuwa ndani sasa uko nje, kama ulikuwa nje sasa uko ndani. Mwisho wa safari uko mbali, na bila shaka uko nje. Basi:

Kama umevuka ukuta mara 1, 3, 5 au namba nyingine yo yote witiri, ulianza ndani.

Kama hukuvuka kabisa, au umevuka mara 2, 4, 6 au namba nyingine yo yote shufwa, ulianza nje.

Kanuni hii ni ya kweli hata kama ukuta una kona nyingi namna gani.

Jaribio la 2: Kutumia kanuni

Vifaa: karatasi ya grafu, penseli, rula.

Njia:

1. Chora mhimili wa x na mhimili wa y. Weka namba 0 hadi 10 katika kila mhimili.

2. Tia alama kona hizi kwa mfuatano: (1,1), (9,1), (9,8), (6,8), (6,4), (4,4), (4,8), (1,8). Ziunge kwa rula, kisha unga ya mwisho na ya kwanza. Utapata poligoni yenye umbo la herufi U.

3. Tia nukta hizi: P (2,6), Q (5,6), R (5,3), S (0,5), T (7,6), V (10,3).

4. Kutoka kila nukta, chora mstari wa mlalo kwenda kulia hadi mwisho wa karatasi. Hesabu mara ngapi mstari huo unakata mpaka.

Linganisha majibu yako na haya:

P: mikato 3. Ndani.
Q: mikato 2. Nje.
R: mkato 1. Ndani.
S: mikato 4. Nje.
T: mkato 1. Ndani.
V: hakuna mkato. Nje.

Itazame nukta Q kwa makini. Imezungukwa na poligoni pande tatu, na mtu mwenye haraka angesema imo ndani. Lakini iko katika mdomo wa U, nayo ni nje. Kanuni haidanganywi na macho.

Kuna jambo moja la kuangalia. Jaribu nukta (2,4). Mstari wake wa kwenda kulia unapita juu ya kona (4,4) na kulala juu ya mpaka hadi (6,4). Je, huo ni mkato mmoja, au miwili, au si mkato? Mstari ukipita juu ya kona, usiutumie. Chora mwingine wa upande mwingine. Kutoka (2,4) kwenda kushoto utapata mkato 1 tu, kwa hiyo nukta imo ndani.

Kompyuta inavyofanya kazi hii

Kompyuta haina macho ya kutazama mchoro. Hupewa namba tu, kisha hufuata maagizo. Orodha ya maagizo huitwa programu. Ziko programu zilizotengenezwa hasa kwa kazi za takwimu. Mojawapo huitwa R. Ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Ross Ihaka na Robert Gentleman, katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand.

Mtumiaji huipa kompyuta orodha mbili. Orodha ya kwanza ina jozi za namba za nukta. Orodha ya pili ina jozi za namba za kona za poligoni, kwa mfuatano wake. Kona zikichanganywa, mistari itapishana na umbo litaharibika.

Kompyuta yaweza kuanza na swali jepesi. Poligoni yetu ya U haina namba ya x iliyo chini ya 1 wala iliyo juu ya 9. Nukta V ina x sawa na 10. Basi V iko nje, na hakuna haja ya kuhesabu. Nukta Q haiwezi kuamuliwa hivyo, kwa kuwa namba zake zimo kati ya hizo. Hapo kompyuta hupitia upande mmoja baada ya mwingine na kuuliza: je, mstari wa nukta hii unaukata upande huu? Kwa Q, upande wa kutoka (6,8) hadi (6,4) unakatwa, kwa sababu 6 iko kati ya 4 na 8, na upande huo uko kulia kwa Q. Upande wa kutoka (9,1) hadi (9,8) unakatwa pia. Upande wa kutoka (4,4) hadi (4,8) uko kushoto, hivyo hauhesabiwi. Jumla ni 2. Jibu ni nje.

Moja ya maagizo yanayotumika pamoja na R, liitwalo point.in.polygon, hutoa jibu kwa namba. Namba 0 maana yake nukta iko nje. Namba 1 maana yake imo ndani. Namba 2 maana yake iko juu ya upande wa mpaka. Namba 3 maana yake iko juu ya kona. Kwa nukta zetu P, Q, R, S, T na V, majibu ni 1, 0, 1, 0, 1, 0. Nukta (9,5) ingepata 2, na nukta (4,4) ingepata 3. Nyumba ikiwa juu ya mpaka wenyewe, kompyuta haiwezi kuamua ni ya kata ipi. Uamuzi huo ni wa watu.

Ramani ya Snow nayo imekwisha kuingizwa katika kompyuta. Mwaka 1992 wataalamu walizigeuza alama za vifo 578 na pampu 13 za ramani hiyo kuwa jozi za namba. Mipaka ya maeneo ya pampu ilipochorwa kama tulivyofanya katika jaribio la 1, eneo la pampu ya Broad Street lilipata nukta nyingi kuliko maeneo mengine yote.

Jihadhari na makosa haya

Mahali duniani hutajwa kwa longitudo na latitudo. Dar es Salaam iko karibu na longitudo 39.3 Mashariki na latitudo 6.8 Kusini. Katika kompyuta, Kusini huandikwa kwa alama ya kutoa, hivi: longitudo 39.3, latitudo -6.8.

Ukisahau alama ya kutoa, nukta yako itahamia Kaskazini ya Ikweta, ndani ya nchi ya Ethiopia. Ukibadilisha nafasi, ukaandika longitudo -6.8 na latitudo 39.3, nukta itaangukia Hispania, katika bara la Ulaya. Kompyuta haitakukaripia. Itajibu tu kwamba nukta hiyo iko nje ya Tanzania. Kwa hiyo kila mara chora nukta zako katika ramani na uzitazame kabla ya kuamini hesabu.

Nukta zinazoonekana kupinga

Sasa tuwarudie wale watu 10 walioishi karibu na pampu nyingine. Mtu mvivu angesema, "Kumi ni wachache, tuwaache." Snow hakuwaacha. Aliziendea jamaa zao na kuwauliza. Jamaa za watu 5 walisema kwamba siku zote waliagiza maji ya pampu ya Broad Street, kwa kuwa waliyapenda kuliko ya pampu iliyo karibu nao. Watatu wengine walikuwa watoto waliosoma shule iliyo karibu na pampu ya Broad Street. Nukta zao zilikuwa nje ya mpaka, lakini maji yaliyohofiwa yalikuwa ndani.

Snow aliuliza pia habari za watu waliokaa karibu bila kuugua. Katika nyumba moja ya kutunzia maskini waliishi watu 535. Nyumba nyingi zilizoizunguka zilikuwa na vifo, lakini humo walikufa 5 tu. Nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake. Katika Broad Street yenyewe kulikuwa na kiwanda cha pombe chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna aliyekufa. Kiwanda kilikuwa na kisima chake pia, na wafanyakazi walikunywa pombe waliyopewa.

Mwaka 1855 kasisi mmoja wa mtaa huo, Henry Whitehead, aligundua kwamba mtoto mchanga aliugua katika nyumba iliyo mbele ya pampu kabla ya watu wengine. Maji yaliyofulia nguo zake yalimwagwa katika shimo la uchafu karibu na kisima. Kisima kilipochimbuliwa, ilionekana kwamba uchafu wa shimo hilo ulikuwa ukipenya na kuingia katika maji.

Basi kuhesabu nukta hutuonyesha mahali pa kutafuta. Kujua sababu kwahitaji kwenda, kuuliza na kupima. Kila nukta katika ramani ile ilikuwa mtu mwenye jina na jamaa zake.

Mambo ya kukumbuka

1. Poligoni ni umbo lililofungwa kwa mistari iliyonyoka.

2. Mikato ikiwa namba witiri, nukta imo ndani. Ikiwa sifuri au namba shufwa, nukta iko nje.

3. Kompyuta hufuata kanuni hiyo hiyo kwa haraka, lakini haijui kama namba ulizoipa ni za kweli.

4. Nukta iliyo nje ya mpaka nayo ina habari. Usiitupe.

5. Kipindupindu huletwa na bakteria wanaoingia mwilini kwa maji au chakula chenye uchafu wa choo. Chemsha maji ya kunywa, na nawa mikono kwa sabuni.

Maswali

1. Kwa nini Snow hakutumia mstari ulionyoka kupima umbali wa kwenda pampuni?

2. Tumia poligoni ya U. Je, nukta (3,2), (5,5), (8,7) na (0,2) zimo ndani au ziko nje? Andika idadi ya mikato ya kila nukta.

3. Kwa nini nukta (2,4) haifai kupimwa kwa mstari wa kwenda kulia?

4. Agizo la kompyuta limetoa majibu 1, 1, 0, 2, 1, 0 kwa nyumba sita. Nyumba ngapi zimo ndani ya eneo? Nyumba ipi yahitaji uamuzi wa watu?

5. Mwanafunzi ameandika mahali pa shule yake, iliyo Dodoma, na kompyuta imesema shule hiyo haiko Tanzania. Taja makosa mawili yanayoweza kuwa sababu.

6. Kama Snow angewaacha wale watu 10 bila kuwauliza jamaa zao, ushahidi wake ungepungukiwa na nini?

Kazi ya kufanya

Kwa msaada wa mwalimu, choreni ramani ya kijiji au mtaa wenu. Onyesheni visima au mabomba yote ya maji kwa nukta, kisha choreni mipaka kati yake. Tieni nyumba za wanafunzi ishirini. Hesabuni kila eneo lina nyumba ngapi. Kisha waulizeni wazazi kwa adabu, kila nyumba huteka maji wapi hasa. Je, kila nyumba huteka katika kisima kilicho karibu zaidi? Andikeni zile ambazo hazifanyi hivyo, pamoja na sababu zake.